Chuma Kando ya Klachi

Kasulu

Kwa dada yangu mpendwa Firdausi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na shemeji Mulenda na binti yetu Arielle, na kama kuna aliyeshikwa na homa basi iwe imemwachia kabla hujamaliza kusoma. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Wifi yako Kuruthumu anakusalimu sana. Mama yuko Titye, magoti yanamsumbua kila baridi inapoingia, lakini bado hakubali mtu mwingine apalilie migomba yake. Mvua zimekuja vizuri mwaka huu, maharage yamejaa sokoni hadi wenye nayo wanalalamika.

Dada, simu zako nimeziona. Nimeziona zote, kioo kinawaka, jina lako linatokea, halafu linazimika. Na ule ujumbe ulioniandikia baada ya Idi nimeusoma, kwamba kumbe na mimi nimeamua kukugeuzia mgongo kama baba, na kwamba hutanisumbua tena. Niliusoma nikiwa nimesimama dukani kwa Kuruthumu, nikajikuta nimekaa juu ya gunia la chumvi. Nilianza kukujibu, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta. Ninayotaka kukuambia hayaingii kwenye ujumbe wa simu. Nakuomba uyasome yote, hata ukikasirika katikati.

Nianze na lori, maana yote yamepitia humo. Unalikumbuka lori la baba, lile la pua, ambalo tulikuwa tunapanda juu ya boneti yake na miwa yetu mpaka anatufukuza. Baba alipofariki nililiendesha mimi. Nimebeba nalo mahindi na maharage miaka yote hii, naenda Kibondo, nafika hadi Nyabibuye, nazunguka Kagerankanda, narudi Kasulu. Mwaka jana nilikuwa natoka Kibondo na shehena ya mahindi, nikiwa mlimani, injini ikazima. Nikawaambia watu kwamba haikutoa dalili yoyote. Ilipofunguliwa, pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka vichwa kama mishumaa.

Fundi aliyeifungua anaitwa Cadet. Ni Mkongomani, anakaa kambini Nyarugusu. Ufundi alijifunzia Uvira kabla vita haijamkimbiza, na akipata kibali cha kutoka huja kufanya kazi kwenye gereji moja hapa mjini. Ni mtu mwembamba, mpole, anayeimba nyimbo za kanisani huku amelala chini ya magari. Aliishika ile pistoni, akaigeuzageuza, akaniambia kwamba injini imeuawa na joto. Gari likipanda mlima na mzigo katika gia kubwa, injini huanza kulalamika, inataka gia ndogo. Dereva akiendelea tu kukanyaga mafuta, moshi unaotoka ndani unakuwa moto kiasi cha kuyeyusha chuma. Geji ya maji haimsaidii, kwa sababu maji yanachelewa kupata habari.

"Patron," akaniuliza, "haukusikia moteri inalia?"

Nikamjibu kwamba redio ilikuwa juu. Redio ya lori lile, dada, ilikufa baba angali hai.

Injini tuliifufua kwa duka la vitenge la Kuruthumu. Alilifunga, akauza vyote, siku hizi anauza chumvi na sabuni, na sijawahi kumsikia akinilaumu kwa hilo. Ila alikuwa na lawama nyingine. Alikuwa akisema na mimi jikoni, mimi natazama nje, mwisho anaweka sufuria chini kwa hasira. Siku moja alinishika kidevu akanigeuza uso na kuniambia, "Umekuwa kama marehemu baba yako. Mtu anasema, wewe unatazama ukuta." Nikacheka. Nikasema nina mawazo ya lori.

Cadet ndiye aliyeleta habari ya kipima joto cha moshi. Alinieleza kwamba kuna kijiti cha chuma, chembamba kama penseli, ambacho huingizwa kwenye ekzosi pale moshi unapotokea kwenye injini, kabla haujafika kwenye tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini. Waya unatoka hapo hadi kwenye dashibodi, kwenye geji ndogo yenye mshale, na mshale ukikaribia nyekundu dereva anajua apunguze mafuta au ashushe gia. "Hapo utaona na macho," aliniambia. Maneno hayo aliyasema kwa kawaida tu, lakini mimi yaliniingia hadi kwenye mifupa. Kesho yake nilimpigia magoti Kuruthumu amwandikie kaka yake wa Kariakoo atutafutie kitu hicho, na kikaja kwa basi, kimefungwa ndani ya boksi la viatu.

Siku ya kukifunga tulianza asubuhi. Cadet alilifungua tabo kwanza, akalifunga kwenye kanga na kulilaza kwenye kiti cha abiria kama mtoto. Alisema chenga moja ya chuma ikiingia humo, mapanga yake yanayozunguka yanakatika na kazi yote imekwenda bure. Kisha akapaka grisi kwenye ncha ya drili ili chenga zishikwe nayo, akaanza kutoboa lile bomba nene la chuma linalokusanya moshi. Chuma hicho ni cha kusubu, kikishtuka kinapasuka, na pa kupata kingine hatupajui. Alitoboa kidogo, akatoa, akafuta, akapaka grisi upya. Mimi nilimshikia tochi. Tundu lilipotimia alikata nyuzi za skrubu ndani yake, anazungusha mbele kidogo, anarudisha nyuma, anazungusha tena, akapitisha sumaku kuokota kila kilichobaki. Hapo ndipo alipokisokota kile kijiti, kikaingia na kutulia kama kilizaliwa hapo.

Ilibaki kupitisha waya. Cadet aliingia chini ya usukani atafute pa kutobolea, akakaa huko muda mrefu, halafu akaniita kwa mkono. Aliniuliza ile nondo ni ya nini. Unaikumbuka, dada? Ile nondo fupi iliyochomoza sakafuni kushoto, kando ya klachi, imekatwa na kusuguliwa ncha mpaka ikawa laini. Nikamwambia ipo siku zote, nadhani inashikilia sakafu. Akasema haishikilii kitu. Ameifuata kwa tochi hadi mwisho wake, imefungwa kwa bolti kwenye injini yenyewe, na mahali inapopita sakafuni pamewekwa mpira ili isiguse bodi. "Hii haikutoka usine," alisema, yaani kiwandani. "Mutu aliifanya na akili yake." Tukaiacha, akapitisha waya pembeni yake.

Tabo likarudi mahali pake, injini ikawashwa. Cadet alinisogeza karibu, akanionyesha pale kijiti kilipoingilia, akanitaka nisikilize kama kwenye nyuzi panapuliza. Niliinama. Nikaweka sikio kama mtu anayesikiliza. Nikainuka nikamwambia pako sawa, hapapulizi.

Cadet alinitazama. Akachukua kipande cha gazeti, akakisogeza pale, na karatasi ikapeperuka kama bendera. Nilipogeuka nikaona hata mama muuza chai wa ng'ambo ya barabara ameziba masikio kwa mlio. Cadet alizima injini, akakikaza kijiti kwa spana. Alipomaliza alinyoosha kidole akaandika kwenye vumbi la boneti, kwa herufi kubwa: TANGU WAKATI GANI.

Niliyafuta kwa kiganja kabla mwenye gereji hajafika. Dada yangu, mimi sisikii. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto linapata maneno ya mtu akiwa karibu sana na mahali pakiwa kimya, na hata hayo yanakuja kama yamefunikwa na blanketi. Ilianza polepole, ndege kwanza, kisha adhana, kisha sauti za wanawake. Simu ilikuwa ya mwisho. Naipokea, naiweka sikioni, nasikia mchanga unamwagika tu. Nilikuwa naona jina lako na ninaogopa kuipokea, kwa sababu ungesema, nami ningejibu lisilohusiana, na ungejua. Nilimficha Kuruthumu, nikamficha kila mtu. Dereva asiyesikia nani atampa mzigo?

Cadet aliwasha injini, akafungua mlango wa dereva, akanikalisha kwenye kiti, akanivua kiatu cha kushoto kwa mikono yake, na kuuweka unyayo wangu juu ya ile nondo.

Firdausi, nilisikia injini. Sijui niseme vipi. Ilipanda mguuni hadi kwenye nyonga, yote, kila pistoni na zamu yake. Cadet alikanyaga mafuta nikasikia inapanda, akaachia nikasikia inashuka. Nilikuwa sijaisikia hivyo kwa miaka. Kisha alisogeza mdomo kwenye sikio langu la kushoto akasema, "Papa yako alikuwa anasikiliza na muguu."

Na hapo nikamwona baba, anavyovua ndala kabla ya kuwasha gari. Tulikuwa tukimcheka, tukisema mzee hapendi kuchafua lori lake.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, sitakudanganya. Niliendesha peku, jicho moja barabarani na jingine kwenye mshale. Mlima wa kutoka Kibondo niliupanda nikiwa natazama mshale unavyopanda nami nashusha gia kabla haujafika pabaya, na mguu unaniambia asante. Nilimweleza Kuruthumu ukweli. Alilia, halafu akafurahi, maana kwa muda wote ule alidhani nimemchoka. Akaanza kusafiri na mimi. Nikajidanganya kwamba nimeshinda.

Halafu ikaja siku ya Kagerankanda. Tulikuwa tumekwenda kupakia maharage, Kuruthumu ameshuka kuhesabu magunia na wenye mali, na mimi narudisha lori nyuma kuelekea ghala. Mshale ulikuwa umetulia mahali pake. Mguu unaniambia injini ni nzima. Vioo vya pembeni vinaonyesha ukuta na njia tupu. Kumbe nyuma yangu, pale kioo kisipofika, kulikuwa na mwanamke ameinama anachambua maharage, na mtoto wake mchanga amelazwa juu ya turubai. Watu wote wa ghala walipiga kelele. Walinigongea bodi, baadaye niliona alama za mawe waliyonirushia. Mimi nilikuwa narudi nyuma taratibu, nimetulia, natazama mshale.

Kuruthumu ndiye aliyekimbia na kurukia kwenye ngazi ya mlango akanishika shingo kupitia dirishani. Nilikanyaga breki. Nilipozunguka nyuma, tairi lilikuwa limekwisha kupanda juu ya turubai, na yule mama amekaa kando kwenye maharage, amemkumbatia mtoto wake aliyewahi kumnyakua, midomo yao yote miwili imefunguka. Wanalia, najua walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa naona vinywa tu.

Sijaendesha tena tangu siku hiyo. Cadet alikuja na kibali cha siku moja, akalileta lori hadi nyumbani, na hapo lipo.

Kuruthumu alinipeleka hospitali. Daktari alinipima, akaniandikia majibu ili nielewe: mishipa ya kusikia inakufa, na kilichobaki nacho kitaondoka. Akauliza katika ukoo nani mwingine alikuwa hivi. Nikamwandikia, "Baba yangu, lakini hakuna aliyejua." Alipoyasoma alitikisa kichwa, akaandika chini yake kwamba mtu anayeishi ndani ya nyumba hujua.

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka Titye. Nilimkuta mama kwenye migomba, nikamwomba tuingie ndani, nikafunga mlango na dirisha ili pawe kimya, nikamsogezea sikio langu. Nikamuuliza kuhusu baba na ile nondo. Mama hakushtuka. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama tulipokuwa watoto anatutafuta chawa, akanisemea sikioni.

Alijua tangu mimi niko madrasa. Baba alimwapisha kwa msahafu asimwambie mtu, hata sisi, kwa sababu habari zikifika kwa wenye mizigo lori litasimama na sisi tutakula nini. Kwa hiyo baba akawa mtu mkali asiyejibu salamu. Ilikuwa heri watu wamwite mwenye kiburi. Mama aliyasema hayo bila machozi, nami nikadhani amemaliza. Nikainua kichwa. Akanivuta tena.

Akaanza kusema juu yako. Siku uliyorudi, Firdausi. Baba alikuwa amekwisha kukukataza nyumba yake kwa sababu ya shemeji Mulenda na msalaba wake, hilo sote tunalijua. Lakini Arielle alipozaliwa moyo wa baba ulilegea, ila hakujua namna ya kukuita. Nawe ulikuja mwenyewe, ukiwa umembeba mtoto mgongoni. Ukasimama getini. Baba alikuwa ameinamia injini, amekupa mgongo, na lori limewashwa. Ukaita baba. Ukaita tena. Ulimwambia umemletea mjukuu wake amwone. Hakugeuka. Ukaondoka, na hujakanyaga Kasulu mpaka leo, hata kumzika hukuja, na wala sikulaumu.

Hakukusikia, dada. Hakujua kwamba kuna mtu nyuma yake.

Nami ningeweza kuishia hapo, na wewe ungelia na kumsamehe, na pengine tungepata nafuu sote. Lakini mama aliniambia na jingine, na nimeona sina haki ya kulificha. Mama alikusikia. Alikuwa jikoni, alisikia kila neno, akamwona baba alivyoinama, akajua kwa nini hageuki. Alitoka mbio, lakini ulikuwa umeshapanda pikipiki. Angeweza kukufuata siku hiyo hiyo kwenu. Lakini kukwambia ilikuwa ni kuvunja kiapo. Akasema atamwambia baba, kisha akamwangalia baba akaogopa, kwa sababu ingekuwa kumwambia kwamba masikio yake yamemfukuza mwanawe. Akasubiri siku nzuri ya kusema. Siku hiyo haikuja.

Na kila Idi baba alimuuliza, "Firdausi hajaja?" Mama akimjibu kwa kichwa kwamba hujaja. Alikufa akiamini kwamba hukuwahi kurudi.

Sijui nifanye nini na habari hii. Nilimkasirikia mama nikatoka nje bila kumuaga, nikafika barabarani, nikatazama nyuma, nikarudi, kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni anasema kitu, na nilipoona midomo yake inatembea nikatambua kwamba naye ananiita nikiwa nimempa mgongo. Alikuwa anasema nikuandikie. Anasema hana la kukuomba. Ukitaka kumchukia ana nguvu za kubeba, ila hataki tena umchukie baba kwa kosa ambalo si lake.

Mimi siku hizi nashinda dukani. Wateja wananisemesha, natabasamu, nawapa sabuni waliotaka chumvi. Kuruthumu ananiambia nitazoea. Sitazoea. Naamka kila siku nikitumaini kusikia kitu, hata jogoo wa jirani niliyekuwa namchukia, na hakuna. Lori nimempata mnunuzi wa Kibondo, atalichukua wiki ijayo, na sijui hata nitamkabidhije funguo siku hiyo. Daktari alisema jambo hili hutembea ndani ya ukoo, kwa hiyo nakusihi umpeleke Arielle akapimwe mapema, na wewe pia. Usicheleweshe kwa aibu kama sisi.

Msalimie shemeji Mulenda, mwambie namheshimu, na mbusu Arielle kwa niaba yangu. Kuruthumu anasema ukija atakupikia ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, na chumba kipo. Sikulazimishi. Lakini ukija, dada yangu, usisimame getini ukaniita. Ingia tu moja kwa moja hadi nilipo, uniguse bega, nami nitageuka.

Wasalaam,

Mdogo wako akupendaye,
Nurudini